Insha yenye ushahidi: shajara ya darasa moja, muhula mmoja

Shajara hii ni ya mwalimu yeyote anayetaka kujaribu kazi hii bila kurudia makosa yangu. Darasa lina wanafunzi 38, umri miaka 14 hadi 16. Nina vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Lengo langu ni kwamba kufikia mwisho wa muhula kila mwanafunzi aweze kuandika insha ya kurasa mbili itakayomfanya hata msomaji mbishi akubali kwamba hoja ina mguu wa kusimamia. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia mbio. Yaliyoharibika nimeyaeleza kirefu, maana ndiyo yaliyokula muda.

13 Januari. Tulipoanzia

Swali: Je, kazi za nyumbani zipunguzwe? Kipindi kimoja, ukurasa mmoja, bila maelekezo yoyote. Nilitaka kuona wanafanya nini wakiachwa peke yao.

Walifanya tulichowafundisha miaka yote. Insha 27 zilifungua kwa methali. Karibu zote zilikuwa na "bila shaka", "ni dhahiri kwamba" au "kama tujuavyo sote". Halafu kuna neno ambalo nililikuta kila mahali: inasemekana. Inasemekana kazi nyingi huchosha akili. Inasemekana wanaofaulu ni wale wanaofanya mazoezi. Nani kasema, lini, na alijuaje? Kiswahili kinakuruhusu kutamka jambo zima bila msemaji, na watoto wameugundua mlango huo mapema.

Ushahidi wa kweli, yaani kitu ambacho ningeweza kwenda kukikagua, niliukuta katika insha nne tu. Mwanafunzi mmoja alihesabu saa alizotumia wiki iliyopita, somo kwa somo, akaziandika. Insha yake ndiyo iliyokuwa na makosa mengi zaidi ya tahajia, na ndiyo pekee iliyonibadilisha mawazo kidogo.

20 Januari. Kiolezo ubaoni, na kushindwa kwa kwanza

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha kwamba hoja za kila siku hazina dai na ushahidi pekee. Katikati kuna kanuni, mara nyingi haitamkwi, inayotupa ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Nililirahisisha wazo hilo, nikaandika ubaoni maneno matatu: Dai, Ushahidi, Maelezo. Wakanakili. Wakajaza.

Hii ndiyo niliyoipata, na si kutoka kwa mmoja:

Dai: Kazi za nyumbani zipunguzwe. Ushahidi: Wiki iliyopita nilitumia saa 14 kwa kazi za nyumbani. Maelezo: Hii inaonyesha kwamba nilitumia saa nyingi sana kwa kazi za nyumbani.

Maelezo yamegeuka ushahidi uliovaa nguo nyingine. Kosa ni langu. Niliposema "eleza", wao walisikia "sema tena kwa urefu". Neno maelezo nimelifuta. Mahali pake nimeweka kiungo, pamoja na swali ambalo lazima kiungo kilijibu: kwa nini mtu akikubali hili akubali na lile?

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa la pili. Kwa hasira ya zile insha 27 nilipiga marufuku methali. Binti mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono: "Mwalimu, dalili ya mvua ni mawingu. Hiyo nayo si ushahidi?" Nikamjibu haraka kwamba sivyo, tukaendelea. Usiku nikagundua kwamba nusu ya swali lake ilikuwa sahihi. Methali ile si ushahidi. Wingu ndilo ushahidi. Methali ni kanuni, ndiyo kile kiungo nilichokuwa nikihangaika kukifundisha, na kumbe kimelala katika kichwa cha kila mmoja wao. Kesho yake nikaiondoa marufuku, nikaweka sharti: ukileta methali, onyesha na wingu lako.

3 Februari. Niliwatuma watafute wenyewe

Usifanye hivi mapema. Nilitoa wiki mbili, kila mmoja achague mada yake na alete vyanzo vitatu. Nilidhani uhuru ungeleta ari. Walileta kurasa zilizochapishwa kutoka intaneti ambazo hawakuwa wamezisoma. Wanafunzi 11 walikuwa na aya moja, ile ile, neno kwa neno, na kila mmoja aliapa kwamba ameitoa mahali tofauti. Inawezekana walisema kweli, maana tovuti hunakiliana. Wengine walikuja na asilimia zisizo na mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwangu. Sikuweza kusahihisha. Mada 38, vyanzo zaidi ya 100, na mimi mwenyewe sijui kipi kimesema nini. Nilijikuta nikikagua tahajia kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.

Gharama: vipindi vinne vimepotea. Nilichojifunza ni kwamba kutafuta ushahidi na kutumia ushahidi ni kazi mbili, na nilikuwa nikizidai zote kwa siku moja. Kuanzia sasa ushahidi naleta mimi, ndani ya bahasha. Darasa zima linafanya kazi kwa karatasi zile zile.

12 Februari. Bahasha ya London, 1854

Nilitafuta jambo lenye sifa tatu: watu wenye akili walibishana juu yake, ushahidi ni mfupi, na upande ulioshindwa haukuwa wa wapumbavu. Nikachagua mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854 katika mtaa wa Soho, London. Swali la insha: Ni nini kilichokuwa kikieneza ugonjwa, hewa au maji? Wakati huo wengi waliamini uvundo wa hewa chafu. Daktari John Snow alisema ni maji.

Karatasi zilizomo, kila moja nusu ukurasa kwa maneno yangu:

A, ramani ya vifo kuzunguka pampu ya maji ya barabara ya Broad Street. B, nyumba ya maskini iliyokuwa jirani na pampu: ilikuwa na watu 535, waliokufa kwa kipindupindu ni 5 tu, na ilikuwa na kisima chake. C, kiwanda cha bia cha mtaa huo huo: wafanyakazi zaidi ya 70, hakuna aliyekufa, walipewa bia ya kunywa, na mwenye kiwanda aliamini hawakugusa maji ya pampu ile. D, mjane wa Hampstead, mbali na Soho, aliyependa maji ya Broad Street hata akawa anapelekewa kila siku. Alikufa, na mpwa wake aliyemtembelea na kuyanywa akafa pia. E, utafiti wa mtakwimu William Farr: kadiri watu wa London walivyoishi mahali pa chini karibu na mto, ndivyo kipindupindu kilivyowaua zaidi. F, jedwali la kampuni mbili za maji. G, hesabu ya siku kwa siku ya mlipuko, na siku mpini wa pampu ulipoondolewa ili watu wasichote maji yake.

Maandalizi yalinichukua saa 9. Vikundi ni 10, karatasi saba kila kikundi, na moja ya utangulizi, jumla karatasi 80.

Zile kumi za utangulizi niliishia kuzitupa. Nilikuwa nimeandika humo kwamba Snow alikuwa sahihi na kwamba leo tunajua kipindupindu huletwa na bakteria. Kikundi cha kwanza kilichomaliza kusoma kikaweka kalamu chini. Nikauliza kulikoni. "Jibu si limeshaandikwa hapa, Mwalimu?" Walikuwa na haki. Mtu aliyepewa jibu hatafuti ushahidi, anatafuta mapambo.

Nimepanga upya. Utangulizi mpya unaishia usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, watu wanakufa, hakuna anayejua sababu. Na karatasi ya kwanza kusomwa ni E, ya Farr, inayoelekea upande wa hewa.

19 Februari. Ubishi kwanza, kalamu baadaye

Kipindi kizima hakuna aliyeandika. Nusu ya darasa upande wa hewa, nusu upande wa maji, na sheria moja: husemi kitu bila kuinua karatasi unayoitegemea.

Upande wa hewa ulianza kwa nguvu. Farr alikuwa na takwimu, na sababu yake ilieleweka: uvundo unaotoka kwenye mto mchafu hutanda mabondeni, juu mlimani hewa ni safi. Upande wa maji ukababaika dakika kumi nzima. Halafu mvulana ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akasimama na karatasi C. "Sasa kama ni hewa, hawa wa kiwandani mbona hawakufa? Kwani wao walikuwa wanavuta hewa ya wapi?"

Darasa likalipuka. Niliacha vurugu iendelee kidogo kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikijilaumu. Hicho ndicho kiungo. Nimekitafuta wiki tano ubaoni, na mtoto amekitoa mdomoni kwa sekunde nne, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumjibu.

Maneno yake nikayaandika ubaoni kwa lugha ya insha: Kama hewa ndiyo ingekuwa chanzo, wafanyakazi wa kiwanda wangekufa kama majirani zao, kwa kuwa walivuta hewa ile ile. Hawakufa.

26 Februari. Sentensi ya -nge-

Hii ndiyo iliyobeba mradi, kwa hiyo naieleza kwa utulivu.

Kila mwanafunzi anaijua -nge-. Tunaifundisha kama sarufi: ningekuwa na mabawa ningeruka. Hatujawahi kuwaambia kwamba ni chombo cha kupimia hoja. Utaratibu ni mfupi. Chukua dai la mpinzani wako, lichukulie kuwa kweli, kisha useme tungetarajia kuona nini. Halafu weka sentensi fupi sana inayosema kilichoonekana. Ile sentensi fupi ndiyo ushahidi. Ile ndefu ndiyo kiungo.

Walipoanza kuandika, makosa yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya sarufi: "Kama hewa ingekuwa chanzo, wafanyakazi walikufa." Upande mmoja una -nge-, mwingine hauna, na sentensi inageuka taarifa ya uongo. Nilikaa nao dakika 15 tukarekebisha, ikatosha. Nimeona pia kwamba wanaochanganya -nge- na -ngali- ni wengi. Nimewaambia wachague moja na wasiibadilishe hadi nukta.

Kosa la pili lilikuwa na faida. Kikundi kimoja kilijaribu kumpinga Farr kwa sentensi hiyo na kikakwama: Kama maji ndiyo yangekuwa chanzo, watu wa mabondeni wangekufa zaidi, kwa kuwa huko chini maji ya mto yalikuwa yamechafuka zaidi. Walikufa zaidi. Wakaniita: "Mwalimu, hii karatasi inakubali pande zote." Ndivyo ilivyo. Takwimu za Farr zilikuwa nzuri, ila zinapatana na hewa na zinapatana na maji, kwa hiyo haziamui kesi. Watoto wakaibatiza karatasi ya popo, kwa sababu popo si ndege wala si mnyama wa chini. Jina limeshika. Sasa kila bahasha lazima iwe na popo mmoja. Na Farr mwenyewe sikumwacha aonekane mjinga: mlipuko wa 1866 mashariki mwa London ulipochunguzwa, alikuwa miongoni mwa waliosimama upande wa maji.

10 Machi. Namba, na mimi kuumbuka

Karatasi F ndiyo nzito kuliko zote. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilipitisha mabomba katika mitaa ile ile. Kampuni ya Lambeth mwaka 1852 ilihamishia sehemu yake ya kuchotea juu zaidi mtoni, kabla ya maji taka ya jiji kuingia. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota katika maji machafu. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko wa 1854, nyumba za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, za Lambeth 98.

Nikasimama ubaoni nikasema, kwa kujiamini kabisa: takriban mara 13. Wakaandika mara 13. Baada ya dakika kama tano mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Mwalimu, nyumba zenyewe hazilingani." Karatasi nimeiandaa mimi, na namba za nyumba zimo: 40,046 kwa kampuni moja, 26,107 kwa nyingine. Ukigawa, ni vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 dhidi ya 37. Tofauti ni kubwa bado, mara nane na nusu hivi, lakini si 13.

Nilikubali kosa, nikamshukuru, nikaiacha ile 13 ubaoni ikiwa imepigwa mstari hadi mwisho wa kipindi. Tangu siku hiyo swali "kati ya ngapi?" linarushwa na wanafunzi kabla sijalitamka.

Ila walikosa jambo moja ambalo mimi naliona ndilo uzuri wa karatasi hiyo, na ilibidi niwavute. Mabomba yalipita mitaa ile ile. Majirani wawili walivuta hewa moja, mmoja tajiri na mwingine maskini au kinyume chake, na kilichotofautiana ni maji. Nikawaomba sentensi ya -nge- juu ya hilo. Waliiandika wote.

17 Machi. Ujanja wa -ka-

Karatasi G. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Rasimu 30 kati ya 38 zilisema hivi kwa namna moja au nyingine: Mpini ukaondolewa, na ugonjwa ukaisha.

Soma tena. Hakuna mtu aliyesema "kwa sababu". Lakini msomaji amelisikia. Ile -ka- tunaitumia kusimulia, inapanga matukio moja nyuma ya lingine, na moja likifuata lingine akili inalishika kama mtoto na mzazi wake. Ni nzuri sana kwa hadithi. Katika insha ya ushahidi inapitisha dai bila kulipia.

Hesabu ya Snow inasema mambo mengine. Miongoni mwa watu waliokuja kufa, walioshikwa na ugonjwa tarehe 1 Septemba walikuwa 143. Tarehe 8, siku mpini ulipotolewa, walikuwa 12. Mlipuko ulikuwa umeshuka tayari, na Snow mwenyewe alikiri hilo: watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Kwa hiyo mpini hauwezi kuwa shahidi mkuu. Wanafunzi walikasirika. Ilikuwa sehemu yao tamu ya kisa, na wawili waliniuliza kama wanaweza kuiacha tu karatasi G isionekane.

Tukazungumza juu ya hilo, la kuficha karatasi, kwa kipindi kilichobaki. Sikuhubiri. Niliuliza tu: mpinzani wako anayo bahasha hiyo hiyo, akiiinua yeye utasema nini?

Dawa ilikuwa ngazi ya vitenzi. Hudokeza, huashiria, huonyesha, huthibitisha. Kila ushahidi upewe ngazi yake, na "huthibitisha" iruhusiwe mara moja tu katika insha nzima, ili wafikirie pa kuitumia. Wengi waliiweka kwenye jedwali la kampuni za maji. Karatasi D, ya mjane, iliwagawanya. Ni kisa kinachogusa, lakini ni watu wawili. Mmoja aliandika kwamba kisa hicho "kinadokeza kwa sauti kubwa", nikamwachia.

26 Machi. Kalamu nyekundu ilivyonishinda

Insha kamili za kwanza. Nilisahihisha kila kitu: tahajia, alama za uakifishaji, hoja, mpangilio. Dakika 20 kila moja, jumla saa 12 na dakika 40, usiku nne. Nikarudisha. Nikawatazama. Waligeuza ukurasa wa mwisho, wakaona alama, wakaulizana umepata ngapi, wakafunga daftari.

Sasa tunafanya hivi. Kabla ya kukusanya, mwanafunzi mwenyewe anapiga mstari mnyoofu chini ya dai, mstari wa mawimbi chini ya ushahidi, na kuzungushia kiboksi kiungo. Aya isiyo na kiboksi hairudi kwangu, inarudi kwake. Mimi nasahihisha viboksi tu, na naandika swali moja pembeni, si jibu. Alama naitoa wiki moja baadaye, baada ya kuona amelijibu swali. Dakika 6 kwa insha, saa nne kasoro kidogo kwa darasa zima.

Mwalimu mwenzangu aliona daftari moja akaniambia ninaacha makosa ya tahajia yapite. Kweli, ninayaacha. Yana siku yake. Nimejaribu kusahihisha yote mara moja na nimeeleza hapo juu kilichotokea.

9 Aprili. Mtihani wa bahasha ngeni

Hofu yangu ilikuwa kwamba wamejifunza kipindupindu, hawajajifunza insha. Kwa hiyo bahasha mpya, isiyojadiliwa, vipindi viwili mfululizo: Je, mabara yaliwahi kuungana? Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alilitoa wazo hilo mwaka 1912. Karatasi sita: ukingo wa Amerika Kusini unavyoshabihiana na wa Afrika, visukuku vya mtambaazi mdogo Mesosaurus vilivyopatikana pande zote mbili za bahari, mmea wa kale Glossopteris uliopatikana katika mabara ya kusini na India, dhana ya wapinzani kwamba palikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyozama, hoja kwamba miamba ya mabara ni myepesi kuliko ya sakafu ya bahari, hivyo haizami ovyo, na udhaifu mkubwa wa Wegener, kwamba hakuweza kutaja nguvu inayotosha kusukuma bara. Makusudi nilifunga bahasha kwenye mwaka 1930, mwaka aliofia Greenland.

Matokeo: insha 23 zina viungo vya kweli. Sita zimerudi kwenye inasemekana kana kwamba muhula haukuwapo. Tisa zina ugonjwa mpya nilioutengeneza mimi. Mfano: "Kama mabara yasingesogea, Wegener asingesema kwamba yalisogea."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hiyo ni inasemekana iliyojifunza -nge-. Umbo limo lote, sarufi ni safi, ndani hamna kitu. Niliwafundisha sentensi, wakaipata sentensi. Hawa tisa nimewaita wawili wawili, bila kalamu, na kuwafanyia kile kilichofanya kazi tarehe 19 Februari: mmoja anadai, mwingine anakataa na karatasi mkononi. Saba wamefunguka baada ya dakika 20 hivi. Wawili bado, na sijapata njia yao.

Miongoni mwa zile 23, nyingi zilitumia hoja ya miamba myepesi dhidi ya madaraja bila kuelekezwa. Sikutarajia. Karatasi hiyo niliiona ngumu nikataka kuitoa.

16 Aprili. Insha iliyoleta ubishi

Mwanafunzi mmoja, yule aliyehesabu saa zake za kazi za nyumbani siku ya kwanza, aliandika kwamba kwa ushahidi uliokuwapo hadi 1930 wanajiolojia walikuwa na haki ya kusita. Alikubali visukuku. Alikiri madaraja yana shida. Lakini akasema mtu anayedai kwamba bara zima limesafiri ana deni la kusema lilisukumwa na nini, na deni hilo halikulipwa. Kila aya ina kiboksi. Neno "huthibitisha" hakulitumia hata mara moja.

Nilimpa alama ya juu kuliko wote. Mwalimu mwenzangu wa jiografia hakupendezwa: "Unampa wa kwanza mtu aliyekosea?" Tumebishana mara mbili, na bado hajakubali. Anasema mtoto atatoka hapa akiamini mabara yamekaa tu.

Kwa hiyo nikamletea kijana karatasi ya saba, ambayo darasa halikuiona: michirizi ya sumaku katika sakafu ya bahari, iliyofafanuliwa na wanasayansi Vine na Matthews mwaka 1963, inayolingana pande zote mbili za safu ya milima ya chini ya bahari, kana kwamba sakafu inazaliwa katikati na kusukumwa kando. Nikamwambia aandike upya kama anaona haja.

Alirudisha siku iliyofuata. Alikuwa amebadilisha aya ya mwisho tu. Nikamuuliza kuhusu zile nyingine. Akasema, "Hizo hazikuwa zinasema mabara hayajasogea, Mwalimu. Zilisema alikuwa bado hajalipa." Nikazisoma tena pale pale mezani, na sikupata neno la kubadilisha.

Hesabu ya muhula kwa atakayenakili: saa 9 za bahasha ya kwanza, 5 za ya pili, karatasi 80, kumi zilizotupwa, na nyingine 70 za bahasha ya pili baada ya kuongeza karatasi za ziada, vipindi vinne vya kutafuta vyanzo ambavyo sitavirudia mwanzoni mwa muhula. Bahasha ya tatu naiandaa, na safari hii popo watakuwa wawili.